Kiti cha Mbele katika Gari la Taalai

Jumatatu, 1 Julai

Sijapata kuona! Leo nimesifu kofia ya jirani yangu, na kofia imekuwa yangu. Tulikuwa tumesimama ngazini, Taalai wa ghorofa ya pili na mimi wa ya tatu, nikakosa la kusema, nikasema kofia yake ya sufu imemkaa vizuri. Akaivua. Akanivika. Nikakataa, akanuna. Akasema kwao Wakirigizi kitu kikisifiwa na mgeni, hakilali tena kwa mwenyewe. Muda wote huu naishi Naryn, mji wao, nafundisha kemia chuoni, na hakuna aliyenidokeza! Kwetu nyumbani, Kottayam, ukisifu kofia ya mtu anadhani una kijicho.

Nimekaa kitandani na kofia kichwani. Nawaza.

Jumanne, 2 Julai

Nimejaribu tena, kwa ajili ya elimu tu. Chupa ya chai: nimepewa. Darubini: nimepewa pamoja na mkoba wake. Mama yake Taalai, ambaye jengo zima linamwita Apa, alinikuta natoka na darubini shingoni, akaficha birika nyuma ya gauni. Mama huyu hanipendi.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi Taalai anapanda milimani, kwenye malisho ya mjomba wake, Mzee Jolchu. Wiki nzima ya nyama na maziwa ya farasi. Apa hukaa nyuma, anasema ukikaa mbele unaona kila shimo. Kwa hiyo kiti cha mbele ki wazi, na Wendelin anakitaka. Wendelin ni Mwaustria, anafundisha Kijerumani chuoni kwetu, na anaimba nyimbo za Kikirigizi mpaka wazee wanatoa leso. Taalai ndiye mtu pekee mji huu anayebisha mlango wangu bila shida yoyote, kuniona tu. Wendelin akipata kiti, ataondoka na rafiki pia, nami nitabaki nikila wali na ukuta.

Nikamwambia Taalai kwamba kiti cha mbele cha gari lake ni kizuri mno. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema kiti ni changu. Kisha akasema Alhamisi yeye na Apa watakuja kwangu kunywa chai, kwa kuwa sasa sisi ni marafiki wa kupeana. "Na mimi nina macho, kaka Kurian."

Ana macho! Atasifu vitu vyangu!

Jumatano, 3 Julai

Sufuria yangu ya presha! Mama aliifunga katika sari zake nilipoondoka nyumbani, akalia juu yake. Redio ya marehemu baba! Taalai akivisifu nitafanyaje?

Nimepata akili. Kisichoonekana hakisifiwi. Nimefungasha kila kitu. Pa kuficha? Mwenye chumba cha ziada ni Wendelin tu, ndivyo dunia ilivyo. Nimemwambia napaka rangi nyumba. Akauliza rangi gani. Nikasema nyeupe. Akasema kuta zangu ni nyeupe tayari. Nikasema nyeupe zaidi. Zulia limekwenda, mapazia yamekwenda. Apa ana jicho la mapazia.

Alhamisi, 4 Julai

Nataka ardhi inimeze.

Taalai aliingia akasimama katikati ya chumba. Meza moja, vikombe vya plastiki, mwangwi. Nilifurahi moyoni. Kulikuwa na nini cha kusifu? Apa akauliza wezi wamekuja lini. Nikasema hapajakuja wezi. Akamgeukia mwanawe, akamsema mbele yangu: "Mtoto wa watu ameuza mpaka pazia, na wewe kazi yako kucheka naye ngazini!" Akatoka. Nilidhani amekasirika nami.

Kumbe alikwenda kubisha milango. Muda si muda jengo zima lilikuwa linapanda kwangu: mazulia ya sufu, mablanketi, gunia la viazi, picha ya farasi yenye fremu. Apa alikuja wa mwisho na lile birika alilonificha. Akaniwekea mikononi, akasema linachemsha haraka, nisiungue. Huyu ndiye niliyeandika kwamba hanipendi.

Hapo mlango ukasukumwa. Wendelin, jasho linamtoka, sufuria ya presha kifuani, redio kwapani, pazia langu shingoni. Akasema kwa Kikirigizi fasaha, kila mtu akaelewa, kwamba hasikii harufu ya rangi, kwa hiyo bila shaka imekauka, na vingine viko kwenye mkokoteni.

Taalai aliichukua sufuria, akaigeuza, akaitazama chini na juu. Akasema ni sufuria nzuri. Akaondoka nayo.

Majirani nao wakaondoka, bila kuchukua chochote. Kwao kilichotolewa hakirudi. Nimekaa juu ya mazulia matano.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna aliyebisha. Chini nasikia sufuria yangu ikipiga mluzi. Wanaiwekea maji mengi, inapiga ovyo, nami siwezi kushuka kuwaonyesha. Nimelia, nakiri kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Nilimkuta Wendelin sokoni ananunua soksi za mlimani. Basi kiti kimekwenda. Nikasema kwa sauti kwamba soksi hizo ni nzuri sana. Akanishukuru, akanionyesha zinapouzwa.

Jumamosi, 6 Julai

Honi chini ya dirisha! Wendelin nyuma, kabanwa na Apa na magunia ya unga, magoti yamefika masikioni. Kiti cha mbele kitupu. Nilishuka na kandambili moja.

Taalai hakunitazama. "Kiti nilishakupa. Hata mjinga akipewa, kimetoka. Panda, unatuchelewesha." Apa akasema mjinga ni neno dogo. Sufuria ilikuwa mapajani mwake. Akanionya mapema nisiisifu, kondoo anaiva humo upesi kuliko alivyopata kuona.

Nimeapa. Sisifu kitu tena. Hata mlima.

Alhamisi, 11 Julai

Siku zote hizi nimefunga mdomo. Nimekula, nimeshukuru, nimetazama chini. Taalai ameanza kunitania tena.

Leo Mzee Jolchu amempitisha farasi mbele ya hema. Mwekundu, paji jeupe. Nikakaza meno. Wendelin akanitazama. Nikakaza zaidi. Mdomo ukasema wenyewe kwamba paji lake linapendeza. Paji tu! Mzee akanitia hatamu mkononi papo hapo, wanawake wakapiga makofi, Taalai akajishika kichwa.

Nina farasi! Wendelin hajapata hata soksi.

Jumamosi, 13 Julai

Pigo. Mwenye farasi hapandi gari. Nimeuliza farasi atafikaje Naryn. Wamenitazama kama mtu aliyeuliza maji yanalowesha vipi. Atafika kwa miguu yake, kuvuka mlima, nami juu yake! Mimi sijapanda hata punda.

Taalai alimpa Wendelin ufunguo wa gari. Kwenye kiti changu, kiti nilichokiponzea heshima yangu, wamemfunga kondoo. Kondoo alinitazama kwa dirisha mpaka gari likapotea.

Nikageuka, nikamwona Taalai anatandika farasi wa mjomba wake. Nikamuuliza kwa nini hakurudi na gari lake. Akasema, "Sasa ukianguka peke yako huko, mimi nitamcheka nani?"

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Macho yalikuwa yamejaa.

Jumapili, 14 Julai

Tumepumzika mtoni. Naandika nimelala kifudifudi, kukaa haiwezekani. Nimeanguka mara nyingi, na kila mara Taalai alishuka, akanipandisha, kisha akacheka. Nimemwambia kwamba sina rafiki kama yeye, na kwamba sitamfanyia ujanja tena maishani. Akasema sawa, kula mkate. Nimeapa kwa jina la mama.

Safari bado ndefu. Tandiko langu ni mbao tupu. La Taalai lina mto mnene wa sufu, mwekundu, umedariziwa nakshi za pembe za kondoo. Sijaona mto mzuri kama ule. Sitamwambia, nimeapa.

Ila nikimwambia farasi wangu, kwa Kikirigizi, kwa sauti, Taalai akiwa karibu, huko si kumwambia Taalai.