Maharagwe ya Kukhu na Mvua Niliyoitunga

Jumatatu, 13 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote. Si Mama. Si Yesu, angalau si kwa sauti. Hata ng'ombe wetu, ambaye anajua mengi yangu, hili halijui.

Glasi ya kupimia mvua ya shule nilivunja mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano. Baridi ya Kitale ile ya kukata masikio. Mimi ndiye mtunza vipimo vya hali ya hewa, kazi ambayo Mwalimu Gathii wa Jiografia alinipa kwa sababu sipigi kelele. Kila siku saa tatu asubuhi naingia kwenye kale kauga nyuma ya maabara, natoa maji kwenye mtungi, namimina kwenye glasi yenye mistari, nasoma, naandika. Siku hiyo vidole viligoma kabisa. Nilikuwa na chai kwenye thamosi. Kikombe sikuwa nacho. Glasi nilikuwa nayo.

Pa! Ikapasuka katikati.

Vipande nilizika nyuma ya jiko la shule. Tangu siku hiyo mvua yote ya Kitale naitunga.

Sitoi hewani lakini. Mimi si mtu wa hivyo. Kuna daftari la mwaka jana la Hillary, aliyeshika kazi hii kabla yangu. Naangalia tarehe ya leo mwaka jana, nabadilisha kidogo. Yeye milimita tisa, mimi nane na nusu. Zile nusu ndizo zinafanya mtu aaminiwe.

Daftari lenyewe ni la Kiingereza. Nadhani hiyo ndiyo imenisaidia. Kwa Kiingereza naweza kudanganya vizuri tu, kama mtu ameazima koti. Kwa Kiswahili naona aibu.

Sasa leo! Mwalimu Gathii kaingia darasani, viatu vyake vikilia nyi-nyi-nyi, akasema shule yetu itatoa utabiri wa msimu wa baridi kwa wazazi wote. Utabandikwa langoni. Utaandikwa na Nelima, yaani mimi, ambaye takwimu zake ni safi kuliko alizowahi kuona.

Nilisimama nikiri. Naapa nilisimama. Mdomo ukasema, asante Mwalimu.

Jumanne, 14 Julai

Nimeandika. Kwa lugha zote mbili, na rula.

Mwaka jana Hillary aliandika sufuri tupu kutoka tarehe 20 hadi 25 Julai. Kwa hivyo nimeandika: baridi kali na manyunyu hadi Jumapili, halafu siku sita kavu. Kipimajoto ni kizima, kwa hivyo nimeongeza "nyuzi kumi na moja alfajiri". Ukweli mmoja mdogo hapo katikati. Umependeza.

Tonny, ambaye anataka hii kazi yangu tangu kidato cha kwanza, alisimama langoni akasoma polepole kama askari anayesoma kitambulisho. Akauliza siku sita kavu, Julai, nimeota? Akasema ati mtu yeyote mwenye macho anaona wingu linakaa juu ya Mlima Elgon kila siku saa sita. Nikataka kumjibu kitu kikali. Nikaangalia viatu vyangu. Jibu lilikuja nikiwa nafika kwetu Kibomet, na lilikuwa zuri sana, lakini Tonny alikuwa ameenda kwao.

Alhamisi, 16 Julai

Balaa.

Mama alipita langoni akitoka sokoni, akapiga picha utabiri wangu, akautuma kwenye grupu ya akina mama wa kanisa. Kwa kiburi! Akaweka na ule uso wa kulia machozi ya furaha. Jirani yetu Mama Kabiru, ambaye haamini hata saa ya ukutani kwake, amekuja mwenyewe kusema atang'oa maharagwe Jumatatu. Kibomet nzima itang'oa Jumatatu. Huu ndio wakati, maganda yamekauka shambani, yanangoja jua tu la kuyamalizia kwenye turubai.

Hata hiyo ningevumilia. Lakini Kukhu amepiga simu.

Kukhu ni mamake Mama. Anakaa Mabanga, huko Bungoma. Mwaka jana aling'oa maharagwe yake, mvua ikamkuta siku ya pili, yakaota yakiwa ndani ya maganda. Zilizobaki ni punje za kujaza mkebe mmoja wa majani chai. Na si maharagwe ya dukani. Ni yale mekundu yenye doa jeupe kama jicho, aliyopewa na mamake akiolewa. Majirani wote walishaacha kuyapanda, wanataka ya kisasa. Mwaka huu Kukhu alimwaga mkebe wote shambani. Hakubakisha hata punje. Haya yakioza, yameisha duniani.

Akasema alikuwa na hofu ya kung'oa, lakini sasa Mama amemsomea maneno yangu, moyo umetulia. Jumatatu alfajiri anang'oa shamba lote. Akasema, "Harafu mimi nilikuwa nangoja nini, na mwenye mvua ni mjukuu wangu?"

Sijala. Kidogo tu.

Ijumaa, 17 Julai

Mpango wa kwanza.

Nilichukua simu ya Mama akiwa anakamua. Nikaficha namba. Nikaweka leso mdomoni, nikakaza sauti kama mzee. Nikasema hii ni ofisi ya kilimo, tunawatangazia wakulima wote wa Mabanga wasing'oe maharagwe wiki ijayo.

Halafu Kukhu akauliza kama nimekula.

Nikasema mimi ni afisa.

Akasema sawa, lakini afisa amekula? Na mbona pua imeziba hivyo, kwani Mama hakuvalishi sweta? Akaniambia nichemshe maji nijifunike blanketi nivute mvuke. Akasema nimwambie Mama. Nikasema ndiyo Kukhu. Nikakata.

Jioni Mama akaniketisha juu ya sufuria ya maji moto, blanketi kichwani, dakika ishirini. Ofisi ya kilimo ilitoka jasho.

Jumamosi, 18 Julai

Redio ya asubuhi imesema mvua itaendelea wiki nzima upande wetu, hata ya mawe sehemu zingine. Watu wenye mitambo! Watu ambao glasi zao ni nzima!

Mpango wa pili. Nikakimbia shuleni. Nikamwambia mlinzi nimesahau kitu, ambayo ni kweli, nilisahau kuwa mwaminifu. Nikabandika juu ya ile karatasi nyingine: MAREKEBISHO. MVUA NYINGI JUMATATU HADI JUMAMOSI. MSING'OE CHOCHOTE.

Kufika saa saba, Mama ameshaituma kwenye grupu. Mama Kabiru akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua, ati sisi watu wa mvua tuamue basi, yeye ameshaazima turubai mbili. Lakini akakubali kungoja. Wote wamekubali. Afadhali.

Amebaki Kukhu. Yeye hana mambo ya grupu, ana kasimu ka tochi. Mama akampigia, akamweleza marekebisho. Kukhu akasema hataki kusikia mambo ya karatasi, apewe Nelima mwenyewe.

Nikapewa simu. Nikasema, Kukhu, usi...

Akaniuliza jambo moja tu. "Kwani ile ya kwanza ilikuwa uongo, mama?"

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. Yule yule wa maharagwe.

Nikasema hapana, haikuwa uongo.

Akacheka kwa furaha, akasema basi yamekwisha, akanibariki, akakata.

Mama ananiangalia. Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatatu, 20 Julai

Nimeamka nisikilize mvua. Hakuna mvua. Kuna jua!

Jua la kweli. Saa nne Mlima Elgon ulikuwa umejianika wote, hakuna hata kiwingu. Kukhu ameng'oa kukiwa na umande, ndiyo desturi, ili maganda yasipasuke yakamwaga punje. Kufika saa sita ameshatandaza yote kwenye turubai na kuku wamefukuzwa.

Sielewi. Niliyotunga imekuja. Niliyosikia kwa wataalamu haikuja.

Jumanne, 21 Julai

Jua.

Mama Kabiru amesimama katikati ya shamba lake na mikono kiunoni, anaangalia juu, anaangalia kwetu. Juu. Kwetu. Nilipita nimeinama kama naokota kitu.

Jumatano, 22 Julai

Jua tena! Mama Kabiru amekuja. Anataka kujua ni nani aliyeandika marekebisho. Mama akanitazama. Nikasema ni utaratibu wa kisayansi, kuna utabiri na kuna marekebisho. Mama Kabiru akauliza na kuna marekebisho ya marekebisho?

Shuleni Tonny amenipa jina. Ananiita Mawingu Kiasi. Darasa zima limelikubali, hata wale wapole wa mbele.

Nikafikiria mchana mzima... hapana, nikafikiria kama dakika kumi halafu nikachoka. Hillary ana sufuri hadi Jumamosi. Hillary amesema kweli siku tatu. Kwa nini nisimwamini siku tatu zingine? Baada ya masomo nimerudi langoni nimebandua marekebisho, na Mama ametangaza tena kwenye grupu.

Alhamisi, 23 Julai

Kibomet yote imeng'oa. Kila ua una turubai. Mama ametandaza zake mpaka mlangoni, tunaingia nyumbani kwa kuruka. Akina mama wanaimba. Mama Kabiru amenipa ndizi mbili, moja kubwa.

Nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile chai.

Ijumaa, 24 Julai

Mvua ya mawe.

Saa nane na robo. Tulikuwa darasani. Ilianza kama mtu anarusha kokoto moja moja juu ya mabati, halafu gari zima. Wote wakageuka kuniangalia. Tonny akasema polepole, "Siku sita kavu, bana."

Nilikimbia nyumbani. Mama analia na kucheka, sketi imelowa, anavuta turubai peke yake. Kabiru na mamake wanabeba maharagwe kwa beseni, kwa shuka, kwa lile koti la kanisani la babake Kabiru. Nikashika upande mmoja wa turubai na Mama Kabiru. Alinisukuma tu na nyonga niende haraka.

Tuliingiza yote. Yamelowa. Sasa yako jikoni juu ya magunia, yako sebuleni, yako kitandani kwangu mpaka kwenye mto. Mama anawasha jiko kila chumba yakauke. Amesema tutaokoa labda nusu. Hakunigombeza. Hiyo ndiyo imeniuma. Alisema tu mvua ni ya Mungu, na mimi nikajua hii moja ilikuwa yangu.

Jioni Kukhu akapiga. Aling'oa Jumatatu, akapura Alhamisi, madebe mawili yako ndani, makavu yanalia kama kayamba. Mvua ya huko ilipoanza alikuwa amekaa mlangoni anaiangalia kama sinema. Akaniambia hajawahi kuwa na mjukuu kama mimi.

Hata mimi naomba asipate mwingine.

Jumapili, 26 Julai

Mambo ni mengi. Niandike haraka, Mama yuko nje anageuza maharagwe.

Kwanza, kanisani. Nilifikiri watanifukuza. Badala yake wamekubaliana kwamba utabiri wangu ulikuwa sawa, kilichoharibu ni marekebisho. Ushahidi ni Kukhu, ambaye amewapigia nusu ya washirika. Mama Kabiru amesema aliyebandika yale marekebisho anafaa kufanyiwa maombi. Nilisema amina pamoja nao.

Pili, Hillary. Nilimkuta nje ya kanisa, siku hizi anauza mbolea kwenye duka moja mjini. Tukasalimiana, niaje, niaje. Nikamshukuru kwa daftari lake. Akaangalia mbele na nyuma. Akanivuta pembeni akauliza, kwani walinunua glasi nyingine?

Nikauliza, nyingine ipi?

Akasema ile ya kweli aliivunja yeye, akiwa na wiki mbili tu kazini. Aliyoiacha pale ilikuwa glasi ya dawa za maabara, mistari yake haina uhusiano wowote na mvua. Na zile sufuri za Julai? Akasema alikuwa mgonjwa wiki hiyo, hakuja shule. Halafu akasema, kwa kweli nyingi alinakili kwenye daftari la Wanjala, aliyeshika kazi kabla yake.

Kwa hivyo nilivunja glasi ambayo haikuwa glasi, nikanakili mvua ambayo haikunyesha, na jua likatoka. Sijui nani wa kumlaumu. Sijui hata kama nina kosa.

Tatu. Mtu wa Mabanga ameleta mkebe wa majani chai. Ndani yake, mekundu, kila punje na jicho lake jeupe. Kukhu amenipa nusu ya mbegu. Nusu nyingine atapanda mwezi wa nane, na amesema hatamuuliza mtu mwingine, nimwambie tu siku.

Nimekaa na mkebe magotini muda mrefu. Yananiangalia yote.

Nimeamua kusema ukweli. Kesho namwendea Mwalimu Gathii, namwonyesha mahali nilipozika vipande, namwambia kwa Kiswahili ili iume. Halafu nampigia Kukhu.

Ila nikisema kesho, Kukhu atapanda siku gani? Anangoja. Huwezi kumwacha mzee hewani. Kwanza nimpe siku, ukweli utafuata.

Nimefungua daftari. La Hillary sasa silitumii, nimejifunza. Nimetumia la Wanjala, lililokuwa chini yake kwenye begi. Mwezi wa nane, wiki ya tatu, ana mvua nzuri, milimita sita na nusu, saba na nusu. Zina nusu! Mtu hawezi kutunga nusu hizo zote.

Kukhu, panda tarehe 17.

Naskia hatua nje. Za Mama, viatu vya gambuti. Na nyingine nyuma yake. Nyi-nyi-nyi. Mwalimu Gathii anamwuliza Mama kama Nelima yupo, ati amekuja kuomba utabiri wa Agosti, na amenunua glasi mpya, anataka kuilinganisha kwanza na ile ya zamani.

Hizi karatasi nazizika chini ya maharagwe ya kitandani. Bado yana unyevu lakini yata