Turubai la Limuru kwenye Injini ya Jeddah

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, hapa Al-Baghdadiyah. Wacha niwaambie kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua napeleka chakula kwa pikipiki ya kafili, yaani bosi aliyenileta huku. Mnajua pia nilikuwa bodaboda Limuru miaka sita (nimewakumbusha mara nyingi, najua). Limuru baridi ya asubuhi inakata miguu, kwa hivyo tulikuwa tunafunga turubai mbele ya pikipiki, kuanzia chini ya taa hadi kwenye vikanyagio. Sasa wiki hii upepo wa moto wa huku umenichoma miguu vibaya sana. Nikafikiri: turubai. Jana jioni nikalifunga. Likakaa sawasawa. Nikapiga picha nikamtumia mke wangu.

Leo saa saba mchana, foleni. Pikipiki ikaanza kukosa nguvu. Injini ikagonga kidogo, ikazima. Nikaigusa (msiguse). Moto.

Roho ikashuka hadi kwenye viatu. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwezi ujao, na bosi alishasema atakayeunguza injini asitarajie kuhuishiwa. Kuimwagia maji sikuthubutu, chuma cha moto hupasuka. Nikaisukuma hadi kivulini, nikaokota kipande cha katoni, nikachuchumaa ubavuni mwake, nikaanza kupepea. Robo saa nzima. Watu wakatoa simu. Dada mmoja Mkenya, akipita na mifuko ya madam wake, akasimama.

"Bro, mahindi imeiva?"

"Ni injini, dada."

"Pole. Usisahau ndimu na pilipili."

Badala ya kunyamaza, nikampigia bosi. Nikamwambia kwa Kiarabu changu chote kwamba kosa ni la Osman, fundi wetu Msudani, aliyebadilisha oili juzi. Nikasema Osman ni mzembe, Osman hajui kazi, Osman afukuzwe. Baada ya dakika kumi bosi akafika na gari. Pembeni yake amekaa Osman. Simu ilikuwa kwenye spika.

Osman akashuka. Akalitazama turubai, akafungua kamba moja moja, akalilaza chini.

"Eish hada?" bosi akauliza. Nini hii?

"Ya baridi," nikasema.

Jeddah. Saa saba mchana. Ya baridi.

Osman akanieleza polepole, bila kunikasirikia. Injini hii haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo wa mbele tu, unaopita kwenye zile mbavu zake, na huo upepo mimi nimeuzibia njia. Waliokuwa na simu wakasogea karibu zaidi.

Tukangoja ipoe. Osman akapima oili, akapiga kiki. Kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, nikaahidi mambo ambayo sitayataja hapa. Ya tatu ikawaka, sauti safi kabisa. Sioni haya kusema machozi yalinitoka.

"Imeungua?" bosi akamuuliza.

Hapo Osman angeweza kunimaliza kwa neno moja, na ningestahili. Akasema, "Mafi. Haikuungua. Huyu aliitoa juani na hakuimwagia maji. Wengine wangeipasua. Ana akili ya injini, amekosea turubai tu."

Bosi akanitazama mimi, akaitazama katoni mkononi mwangu.

"Halas. Ikama nitakuhuishia. Yalla, kazini."

Bosi alipogeuka kuliendea gari, nikamshika Osman mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamwomba msamaha kwa yote niliyosema kwenye simu. Nikamwambia watoto wangu watakula kwa sababu yake. Akatabasamu, akanipangusa vumbi begani.

"Mafi mushkila, hakuna shida, ndugu yangu. Nilisikia kila neno. Kiarabu chako kimekuwa kizuri."

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyu, kutoka moyoni. Ila jamani, afadhali angenizaba kofi.