Mstari wa Pili

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amepima ujauzito asubuhi na mapema. Mistari miwili! Wa pili hafifu, kama chaki iliyopigwa brashi. Mimi ni fundi cherehani, mistari ndiyo kazi yangu, nikauona mara moja.

Akaniapisha nisimwambie mtu mpaka daktari athibitishe. Ana haki. Mwaka jana nilitangaza wiki ya kwanza, mimba ikatoka, naye akabaki kujibu maswali ya watu miezi miwili. Nikaapa.

Nilivumilia hadi saa nne. Sindano, fundi wa mlango wa pili, alikuja kuazima mkasi. Akajisifu kwamba mkewe anatarajia mtoto wa tatu. Wa tatu! Nikamwambia hata sisi tumo. Akataka ushahidi. Kipimo nilikuwa nacho mfukoni (nilikiokota kwenye ndoo ya taka). Akakiinua kwenye mwanga, akasema anaona mstari mmoja tu, na yeye hutunga uzi bila miwani. Fedheha!

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua kipimo kingine. Nataka mstari mweusi tii wa kumziba Sindano mdomo. Mpango: maji mengi, mkojo mwingi, kipimo kishibe. Mke wangu aliporudi kutoka kazini jioni nikamnywesha bilauri nne, nikisingizia joto. Nikambembeleza apime tena. Akasema amechoka. Nikazidi kubembeleza.

Mstari mmoja. Kwingine kweupe kabisa.

Hakulia. Alichukua kofia ndogo aliyokuwa akiifuma, sindano zikiwa bado ndani, akaisukuma chini ya kitanda. Akasema ni yale yale ya mwaka jana. Nikasema labda kipimo kibovu.

Jumatano, 6 Machi
Hakwenda kazini. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akauliza alipima saa ngapi, na kabla ya hapo alikunywa nini. Mke wangu akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Muuguzi akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, na mtoto ni mimi. Wiki za mwanzo homoni ya ujauzito bado ni kidogo. Ukinywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi, kipimo hakiioni. Ndiyo maana hupimwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mimba ikienda vizuri homoni hukaribia kuongezeka maradufu kila siku mbili tatu, kwa hiyo namba ya siku moja haitoshi. Akamtoa damu, akasema turudi Ijumaa.

Njiani mke wangu akauliza haraka ile ilikuwa ya nini. Nikamwambia habari za Sindano. Zote. Heri angenifokea. Alitangulia tu, hatua kumi mbele yangu, hadi nyumbani. Nilimpokonya siku mbili za furaha ili nimshinde mtu anayeazima mkasi. Najuta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshona suruali nzima miguu ikiwa imegeuzwa. Nyumbani nilimchemshia chai, ikapoa mezani. Usiniulize kama nililala.

Ijumaa, 8 Machi
Jumatano homoni ilikuwa mia moja na kumi na mbili. Leo mia mbili na sitini! Muuguzi akasema inapanda vizuri, ila bado ni mapema, turudi baadaye kwa picha ya tumbo. Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Amenisamehe kwa sharti moja, nifunge mdomo. Jioni kofia ilitoka chini ya kitanda, akaipangusa vumbi. Nilijiona mdogo kuliko kofia yenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefikiri. Mia mbili na sitini! Mtoto mmoja atazipeleka wapi? Ni pacha hao. Muuguzi alisema wazi kwamba namba haihesabu watoto, picha ndiyo itakayosema. Lakini yeye si fundi. Mimi najua kukadiria.

Nimekata vishati viwili kutoka kitambaa kimoja. Sindano akapita, akauliza vya nani. Yeye anatarajia mmoja tu! Ningefanyaje? Nikamwambia, ila kwanza nilimwapisha asimwambie mtu. Aliapa vizuri kabisa, kama nilivyoapa mimi Jumatatu.

Sasa namwona mke wa Sindano anavuka barabara kwenda kwetu. Anakimbia.