Ombi la Kuazimwa Mke Siku za Kliniki

Kebirigo, Nyamira.

Kwa Daktari Msimamizi,
Kliniki ya Saratani ya Tezi Dume.

Ndugu Daktari,

Pokea salamu za heshima. Mimi ni Gibson Anyona, mkulima wa majani chai mwenye miaka sabini na moja, uliyemfanyia upasuaji wa tezi dume mwezi wa Machi. Kwa upasuaji nakushukuru sana. Malalamiko yangu ni kuhusu mafunzo.

1. Mlitangaza somo la mambo ya chumbani baada ya upasuaji, kila mgonjwa aje na mkewe. Mimi nilikuja na Osewe. Ni mwenzangu kwa miaka thelathini sasa. Tunalala kitanda kimoja, na si kwamba vitanda vimeadimika Nyamira. Siandiki haya kwa urahisi, ila hofu ya kufa imeimeza ile hofu nyingine. Askari wa mlangoni alimwambia Osewe kwamba madereva hungojea nje.

2. Nilipouliza kama mtu asiye na mke ataweza tena, muuguzi alinigusa bega akaniambia nipumzike tu. Nimepumzika miezi mitatu! Osewe analala ukingoni kama mtu aliyelala na mayai, akiogopa kuniumiza, nami naona haya kumwambia kwamba sijui lolote. Hilo linaniuma kuliko kidonda.

3. Kwa huruma, muuguzi huyo huyo alinitumia mjane kutoka Nyamache, Mama Bochaberi, aliyefika na mkungu wa ndizi. Osewe alimpikia. Mama akasifu mboga, akakaa mpaka jioni, na akiondoka akamwuliza Osewe kama naye ana mke.

Basi, kwa kuwa hospitali haifundishi ila mbele ya mke, naomba hospitali itoe mke. Awe wa Jumanne tu, siku ya kliniki, mwenye masikio mazuri, asikilize somo lote kisha amweleze Osewe pale kantini bila kuona haya. Chai tutamnunulia. Bajeti ikiwa ndogo, makapera, wajane na sisi tulio na akina Osewe tutamtumia mmoja kwa zamu. Harusi isifanywe, maana kanisa litataka kujua.

Nisalimie wauguzi wote, wapishi, na hata yule askari.

Ni mimi, mwenye subira inayopungua,
Gibson Anyona.

Nyongeza: Osewe ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema hataki mke nyumbani kwake, hata wa Jumanne, na kwamba miaka yote hii hajanipenda kupitia mkalimani. Kwa hiyo futa ombi lote. Ongeza kiti kimoja tu.