Kutajwa Mara Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni 1974

Miaka minne tangu jarida la waganga lichapishe makala yangu. Kurasa tatu! "Ugonjwa wa Damu Unaofuata Ukoo: Kaya Kumi na Tisa za Kintinku." Na Lazaro Philipo, mganga wa zahanati. Tangu hapo hakuna mtafiti hata mmoja aliyenitaja. Melkiori wa zahanati ya jirani ametajwa mara nne. Kwa makala ya minyoo! Sasa anaandika nyingine. Kesho nampelekea asali ya Rungwa, chupa nzima. Mkono mtupu haulambwi.

Ijumaa, 7 Juni

Melkiori kapokea asali kwa mikono miwili. Leo kanisomea makala yake. Nimo! Ukurasa wa pili: "Wapo wanaodhani ugonjwa huu hufuata ukoo." Nikamwuliza hao "wapo" ni akina nani. Akasema ni mimi, ila jina limekosa nafasi. Nikadai chupa yangu. Imebaki nusu.

Njiani nikakutana na mzee Alute, mwenyekiti wa kijiji. Nikamwamkia shikamoo, naye akauliza mbona sikuonekana shamba la ujamaa. Nikamweleza shida yangu. Akanipa pole, akasema kijiji cha ujamaa hakina "mimi", kina "sisi" tu. Kisha akaandika jina langu kwenye orodha ya watoro. Angalau huyo kanitaja.

Jumapili, 9 Juni

Mpango mpya. Mkwe wangu Gasto! Daktari, yuko Dar es Salaam, kamwoa Felista wangu, na utafiti wake ni wa ugonjwa huu huu. Makala yake inakaribia kwenda kuchapwa. Nimemwandikia anitaje. Mara moja tu, nikapigia mstari.

Marietha, mke wangu, kasoma barua akaniuliza hasa natafuta nini. Nikasema heshima ya taaluma. Nimemdanganya. Kaya ya kwanza katika zile kumi na tisa ni yetu. Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Hana. Mifupa ikimuuma, macho ya manjano, akaishia miaka saba. Kila mkubwa wangu wa kazi aliniambia ni malaria. Nataka mtu mmoja aandike kwamba nilichokiona kwa mwanangu ni kweli. Basi.

Jumanne, 18 Juni

Treni imeleta jibu. Kaandika Felista kwa niaba ya mumewe. Gasto hawezi! Kwetu jina la baba mkwe halitamkwi, na kijana anaona hata kuliandika ni kulitamka. Amekaa mbele ya taipureta mara tatu, mara tatu vidole vimekataa. Siku ya posa nilimsifu mbele ya ukoo mzima kwa adabu hiyo hiyo. Najuta! Nimemwoza binti yangu kwa mtafiti pekee asiyeweza kunitaja.

Nikataka kumwandikia kwamba namruhusu. Marietha akasema adabu si shati, huwezi kumwambia mtu aivue.

Jumamosi, 31 Agosti

Jarida lenye makala ya Gasto limefika. Nimelifungua pale pale stesheni. Orodha ya waliotajwa iko mwisho. Kwenye L simo. Kwenye P simo. Nikarudi nyumbani nikamtupia Marietha. Yeye hana haraka, akaanza na A. Alipofika B akakaa chini.

"Umetajwa," akasema. "Baba Hana, 1970."

Kumwita mtu kwa jina la mtoto wake, mkwe anaruhusiwa. Lakini tangu mtoto afariki, watu waliliacha wakiogopa kututonesha kidonda, wakaniita Baba Felista. Miaka kumi na minane! Ndani Gasto ameandika kwamba Baba Hana ndiye aliyeonyesha ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili, na vipimo vya maabara vimethibitisha. Vimethibitisha. Nimelia sana. Marietha naye.

Baadaye akaniambia polepole, "Baba Hana, chai yako inapoa."

Jumapili, 1 Septemba

Marietha kasema nimepata nilichokitaka, sasa nitulie. Nimekubali kwa moyo wote.

Ila nimewaza kidogo wakati wa mahubiri. Wale wa jarida hawajui kwamba Baba Hana ndiye Lazaro Philipo. Kwao ni watafiti wawili! Nimeshaanza makala mpya, ambamo Lazaro anamtaja Baba Hana mara sita. Inayofuata ataiandika Baba Hana, ambaye kwa bahati nzuri anamheshimu sana Lazaro.