Mrithi wa Spoleto Azaliwa Gatitu

Nyamazeni, enyi mnaomenya viazi, nanyi mnaopepeta mahindi wekeni ungo chini. Sogeeni msikie vita vilivyopiganwa mwaka wa nne wa Uhuru katika zizi la misheni, juu kidogo ya Gatitu, bila mkuki wala ngao, enzi nzima ikaokolewa na Wamucii binti Ngatia, mkamuaji asiyetishwa na teke la ng'ombe.

Padre mzee wa pale alizaliwa Spoleto, huko Italia, na kwa kuwa moyo wake haukuhama kwao, kila fahali wa zizi alimpa jina la mtawala wa kale wa Spoleto, kwa zamu, kama walivyofuatana katika kitabu chake. Trasamondo alitawala mitamba hadi alipoliwa sikukuu ya Uhuru. Mwanawe Faroaldo akashika enzi. Sasa Faroaldo naye amepata ndama dume wa kwanza. Lakini ole! Kitabu kilisahauliwa juu ya hori, na mama mzazi, katika uchungu wake, akakitafuna kuanzia Faroaldo hadi jalada.

"Nani alimfuata Faroaldo?" Padre akalia, ameshika kichwa. "Nimezeeka. Nimesahau!"

Hapo akainuka Hezekiah, mpishi mkuu, simba wa sufuria, msomi wa darasa la nane, ambaye mkewe aliitamani sana kazi ya Wamucii.

"Padre, zizi linataka mtu wa kusoma!" akanguruma. "Huyu Wamucii aliachia darasa la nne. Kitabu kinaliwa, yeye anatazama! Aende mtoni akafue makanzu. Mke wangu atashika ndoo."

"Wamucii," Padre akasema kwa huzuni, "kweli nilikuachia wewe kitabu."

Wamucii akauona ule mto utokao mlimani, baridi kama panga, ukivingoja vidole vyake. Lakini ng'ombe walimfundisha kungoja. Akamtazama ndama, akamtazama fahali.

"Padre, baba yake Faroaldo ni nani?"

"Trasamondo."

"Basi huyu ni Trasamondo."

"Ati nini?" Hezekiah akaangua kicheko. "Yule si tulimla? Utaita mtoto jina la supu?"

"Mzee Hezekiah, kijana wako wa kwanza ulimpa jina la nani? Si la baba yako, na alikuwa ashakufa? Mtoto wa kwanza hurudisha babu yake. Kama watu wa Spoleto walikuwa na adabu, walifanya hivyo hivyo."

Padre akajipiga paji la uso, ndevu zikatetemeka. "Trasamondo wa Pili! Madonna! Ndiye, mwana wa Faroaldo, ndiye kabisa!"

"Lakini kitabu, Padre..."

"Kitabu gani tena? Huyu msichana ndiye kitabu. Wewe rudi jikoni, githeri inaungua!"

Ndivyo Spoleto, iliyokaa bila mrithi tangu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, ilivyopata mtawala. Naye Wamucii, mkombozi wa ukoo, mshika kamba ya enzi, akaketi kwenye kigoda chake, akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akakamua, na mikono yake ilikuwa na joto.