Shangazi Haendi Trip

Jumatatu, 4 Machi

Tiketi ya pili ni yangu. Naandika mapema ili isije ikasemwa nilibahatisha.

Mtoto wa Shangazi, yule Mhandisi aliyeko ng'ambo, amepata mtoto wa kwanza. Amemkatia mama yake tiketi ya ndege akamwone mjukuu. Kuna tiketi nyingine ya mtu wa kumsindikiza, na huyo Shangazi atamchagua mwenyewe. Sasa nauliza: nani? Nina shahada ya lugha. Naishi kwake, chumba cha uani. Nawapima wateja kwenye karakana yake ya ushonaji. Na ndege nimeiona kwa chini tu, tumbo lake.

Kumbe kuna Redio! Huyu ni binti wa Baba Mdogo, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Amekuja saa ya chai, akajitupa juu ya kitambaa cha mteja, akapiga kelele, "Shangazi, lini tunaenda zetu trip?" Mafundi wakacheka. Shangazi naye akacheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali.

Mimi sikucheka. Mtu anavuka bahari kwenda kumpakata mjukuu, halafu iitwe trip, kama vile anakwenda kununua uzi!

Lakini hasira ina faida zake. Nimepata wazo. Shangazi akishajua Kiingereza cha safari kilivyojaa mitego, hatathubutu kuvuka kizingiti bila mimi.

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza. Nilisubiri Redio aondoke. Shangazi alikuwa anabana pindo la suruali. Nikamweleza kwamba sisi tuna "safari" na inatubeba sote, ila wenzetu wamegawanya. "Trip" ni kwenda na kurudi: siku chache, una jambo lako, umelimaliza, uko nyumbani. "Journey" ni mwendo wenyewe kutoka hapa hadi kule, aghalabu mrefu, wa kuchosha, na mtu anaweza kufika akiwa si yule aliyeondoka. "Voyage" ni ndefu pia, lakini ya majini, au ya wale wanaokwenda kwenye nyota. "Tour" ni kuzunguka huku na kule ukitazama. Na "travel" ni kusafiri kwa jumla, huwezi kuihesabu moja, mbili.

Shangazi akauliza, pini mdomoni, yeye yuko wapi hapo.

Nikashusha sauti. "Shangazi, wewe ni journey."

Akazitoa pini. Akatazama ukuta. Imemwingia!

Fundi wa vifungo akadakia: kwani mama akisema "trip" kule uwanjani watamgeuza? Nikamjibu kwamba sina hakika, wala sitaki tulijaribie jambo hilo kwa shangazi yangu. Sikudanganya hata kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Mtego wa Redio. Nilimwomba, kwa upole, mbele ya karakana nzima, aseme kwa Kiingereza wanachokwenda kufanya huko. Hakusita hata kidogo! Akasema, "Me and Auntie, one big travel, see baby, come back, finish!" Mafundi wakapiga makofi. Makofi! Nikasema "one travel" haipo duniani. Akaniuliza, "Lakini dada'angu, si umeelewa?"

Nikamwambia kuelewa si hoja! Nikasema kwa nguvu mno. Nilikuwa nampima mama mmoja kifua, na futi kamba nikaikaza mpaka mteja akakohoa. Akaniomba nimrudishie pumzi yake.

Hata hivyo nimeshinda. Shangazi hakupiga makofi. Alimtazama Redio kwa huruma, akasema taratibu, "Mwanangu, hii si trip. Hii ni journey." Neno langu, kinywani mwake! Nilitoka nje kidogo ili nitabasamu peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi kampigia simu Mhandisi. Kamwambia safari ya wiki mbili haiwezekani, hiyo ni trip, na yeye sasa ameelimishwa. Atakaa miezi mitatu, mpaka mtoto akaze shingo na kumjua bibi yake. Mhandisi kafurahi ajabu, maana mkewe hajalala tangu ajifungue. Kabadilisha tarehe papo hapo.

Miezi mitatu ng'ambo! Nimeazima begi. Nimewaaga mafundi bila kuwaaga, nimewatazama tu kwa muda mrefu. Mmoja kauliza kama naumwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimenyang'anywa! Mchana kweupe!

Shangazi aliniita chumbani, akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili. Akasema ingekuwa trip, angefunga karakana hizo wiki mbili na kwenda na mimi. Ndivyo alivyokuwa ameamua tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Kabla sijafungua mdomo! Lakini kwa kuwa ni journey, na ni mimi niliyemfumbua macho, karakana haiwezi kufungwa miezi mitatu na msimu wa sare za shule ndio huu. Anataka mtu makini, asiyepuuza neno wala sentimita. Funguo hizi hapa.

Na Redio? "Ah, Redio nikimwachia karakana, nitakuta ameshagawa mpaka cherehani." Kwa hiyo Redio anasafiri. Haaminiki, basi adhabu yake ni kupanda ndege! Haki iko wapi?

Nilijaribu kurudi nyuma. Nikasema, nikifikiri vizuri, hata hii yaweza kuitwa trip, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Shangazi akanipapasa shavu. "Usijilazimishe kusema uongo ili unifariji, mama. Nimeshajiandaa."

Redio amekuja kuchukua begi. Begi nililoazima mimi.

Jumatano, 20 Machi

Wamefika salama. Jana Redio kaandika kwamba journey ilikuwa trip tamu. Nimemrudishia masahihisho.

Leo, ghafla, ujumbe wa Mhandisi mwenyewe! Anashukuru sana. Mama yake kamwambia kukaa miezi mitatu ni wazo langu, na mkewe sasa analala usingizi wa mtu mzima. Redio baridi imemshinda, anataka kurudi. Shangazi kakubali karakana ishikwe na fundi mkuu. Basi anauliza kama niko tayari kuja mahali pa Redio. Nafasi kaipata kwa bei nzuri, anashikiwa mpaka leo saa kumi na mbili jioni. Nijibu ndiyo au hapana, inatosha. Halafu kamalizia kwamba nikifika watanipeleka "voyage" ya ziwani, tunaondoka asubuhi, jioni tuko nyumbani.

Voyage! Ya ziwani! Ya kutwa moja! Mhandisi mzima, mtu wa vyuo!

Nilifunga mlango wa karakana, nikakaa, nikamwandikia. Nimemweleza kwamba matembezi mafupi ya kujifurahisha, watu pamoja, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, huitwa "excursion". Nikaona haitoshi, nikarudi kwenye "trip". Halafu "journey", maana bila hiyo mengine hayashiki. Simu ilikataa ujumbe mrefu, nikaugawa vipande, kila kimoja na mifano yake. Fundi mkuu aligonga mara mbili akiuliza kama nimeshamjibu kaka. Nikamwambia ndiyo kwanza ninamjibu, aniache!

Kipande cha mwisho kimeondoka sasa hivi, taa za barabarani zinawaka. Vyote kavisoma. Hakukatiza hata mara moja, tofauti na watu wa nyumba hii.

Ile "ndiyo" nitamtumia kesho asubuhi. Haipendezi kuichanganya na masahihisho.